Mayai Yasiyoanguliwa ya Lukuyo

Yai la kwanza lilimnywea Albina mkononi asubuhi moja ya kiangazi, alipokuwa ameinama ndani ya banda la bata. Halikupasuka kama mayai yanavyopasuka. Lilibonyea tu, kama embe lililoiva likapitiliza, na ute ukamchuruzika katikati ya vidole. Akachukua la pili, nalo ganda lake lilikuwa laini kama ngozi. Mwanamke mwingine angeyamwaga yote na kuwatukana bata, lakini Albina alichuchumaa pale pale kwenye samadi, akaliinua lile ganda kwenye mwanga wa mlangoni, akaanza kujiuliza.

Ndivyo alivyokuwa. Alizaliwa milimani, chini kidogo ya Kingerikiti, katika nyumba ya Wamatengo waliolima kahawa na mahindi, ambamo hakuna aliyejua kuogelea. Akaolewa ziwani, upande wa Lipingo, na Benno, mvuvi wa ndoana, Mnyasa mpole asiyependa maneno mengi. Mwaka wake wa kwanza pale ulikuwa wa upweke. Wanawake wenzake walizungumza Kinyasa, na yeye alijua Kimatengo na Kiswahili cha shule. Walipoteremka pamoja kufua kwenye mlango wa mto Lukuyo, wao walicheka hadithi zao, naye akabaki kutabasamu bila kujua kinachochekwa. Kwa kuwa masikio hayakuwa na kazi, akayapa kazi macho. Aliinama kwenye matete na kutazama.

Hapo ndipo alipowaona konokono wa majini kwa mara ya kwanza. Walikuwepo wembamba wenye ncha kama parafujo, na wadogo wa mviringo, na wale wakubwa wenye kifuniko wanachojifungia nacho kama mtu anavyofunga mlango. Akayaona na mayai yao: matone ya ute mwangavu yaliyobandikwa chini ya majani ya yungiyungi, na ndani ya kila tone vidoa vidogo mfano wa punje za ulezi.

Miaka ilipita. Kinyasa akakijua hata akawa anaota kwa Kinyasa, Kilian akazaliwa na wadogo zake wakafuata, lakini ile tabia ya kuinama haikumtoka. Ndiyo iliyomfanya afuge bata. Siku hizo za soko huria kila mtu alitafuta kitu cha kuuza, na Albina aliona kwamba mlango wa Lukuyo ulikuwa chakula cha bure. Bata wake waliteremka wenyewe asubuhi, wakazamisha vichwa, wakameza konokono wadogo na maganda yao, na jioni wakarudi wamejaa. Watumishi wa serikali walioletwa kutoka mikoa mingine walipenda mayai yale, maana yalikuwa makubwa, na maganda ya konokono yaliyafanya magumu. Sasa yalikuwa yanabonyea.

Akawafuata bata mtoni. Waliingia majini kama kawaida, wakazamisha vichwa, wakaibuka midomo mitupu, wakasogea, wakazamisha tena. Albina alikunja kanga akaingia hadi magotini, akapapasa mawe. Konokono walikuwepo, tena wengi, lakini wote walikuwa wale wakubwa, wamejifungia vifuniko vyao. Wadogo hakuwaona. Alipindua jiwe baada ya jiwe. Ilikuwa kama kuingia katika kijiji usikute ila wazee, hakuna mtoto uani wala mlio wa kichanga ndani.

Chini ya majani ya yungiyungi, hata hivyo, mayai yalikuwepo. Hilo ndilo lililomtatiza. Wazazi wapo, mayai yapo, watoto wako wapi?

Jioni alimwuliza mumewe.

"Mama Kilian," Benno alisema, huku akifungua mishipi yake iliyosokotana, "mimi natafuta samaki. Konokono hawajawahi kuniingia akilini."

Baadaye, walipokuwa wanakula, aliinua kichwa mwenyewe. "Ila umenikumbusha kitu. Wale mbufu wenye meno ya kuvunja maganda, pale kwenye mlango wa mto hawashiki ndoana tena. Tangu masika ya mwaka jana nimewahama."

Albina aliweka tonge chini. Alikuwa amekwenda mtoni kwa ajili ya mayai ya bata, na sasa samaki nao wamo.

Kosa lake la kwanza lilikuwa kumshuku Getrude. Getrude alikuwa jirani, na juu kidogo ya mlango wa mto alikuwa na kidimbwi chake cha kulowekea mihogo. Maji yake yalinuka na yalikuwa na povu, na kwa mtu anayetafuta ubaya wa mto, pua humtangulia. Albina alimwendea, na kwa kuwa alikuwa na uhakika, hakupima maneno.

"Mihogo yako inaua viumbe wa mtoni," alimwambia.

Getrude aliendelea kumenya. "Mama yangu alilowekea hapa. Na bibi yangu alilowekea hapa. Leo wewe wa mlimani ndiye unayenifundisha mto?"

Neno hilo la mlimani lilimchoma, maana lilikuwa halijasemwa muda mrefu. Lakini Getrude, kwa hasira zake, alifanya jambo la msaada zaidi kuliko upole wowote: aliihamishia mihogo yote ziwani, akakausha kidimbwi, akamwambia kila aliyepita njiani kwamba anangoja kuona konokono wa Albina wakifufuka. Wiki zikapita. Kidimbwi kikaota majani. Kwenye mlango wa mto hapakuonekana hata konokono mmoja mdogo. Albina alichukua bata dume mnene, akampelekea Getrude, akasema, "Nimekukosea." Getrude alimpokea bata, akampima uzito kwa mkono, kisha akasema, "Basi ni nini?" Alikuwa ameanza kujiuliza na yeye.

Wakati huo katika zahanati ya kata alikuwa ameletwa msichana mtaalamu wa maabara, jina lake Loveth, mwenyeji wa Ukerewe. Kazi yake ilikuwa kupima mkojo wa watoto wa shule, maana kichocho kilikuwa kingi kando ya ziwa. Alikuja na hadubini, ikawekwa kwenye meza karibu na dirisha, na watu wakawa wanachungulia kutoka nje kama wanaochungulia bibi harusi. Albina alipochungulia hakuona chombo cha hospitali. Aliona jicho la kukopa.

Kesho yake alifika na sufuria yenye majani mawili ya yungiyungi yaliyo na ute chini yake.

"Shikamoo mama," Loveth alisema.

"Marahaba mwanangu. Nimeleta mayai ya konokono. Naomba unitazamie ndani."

Loveth alimtazama yeye kwanza, halafu sufuria. "Mama, mimi nimeletwa hapa kwa sababu ya hao konokono. Hao wadogo wa mviringo ndio wanaobeba kichocho. Kwangu wakiisha ni nafuu."

"Wameisha," Albina akajibu. "Lakini wakubwa wapo na mayai yapo. Ndiyo maana nimekuja."

Yule msichana aliinamia sufuria. Halafu akasogeza kiti. "Mayai yapo na watoto hawapo?"

"Hawapo."

Loveth alikata kipande cha jani, akakiweka kwenye kioo, akainamia hadubini muda mrefu. Alipoinuka alimpisha Albina. Mwanzoni Albina aliona giza, kisha kope zake mwenyewe, kisha mwanga ukafunguka na ndani yake pakawa na vyumba vya mviringo vimepangana, na katika kila chumba doa moja la kijivu limelala chini, limetulia. Mengine yalikuwa yameanza kuwa kitu, yana alama ya ganda upande mmoja, ganda lenyewe limejikunja vibaya kama karatasi iliyoloa.

"Sijui yanatakiwa yaweje," Loveth alisema. "Chuoni tulifundishwa kuwaua, hatukufundishwa kuwatazama. Lete mengine, mbali na mto."

Siku iliyofuata Albina alileta jani kutoka ghuba ya mbali, alikomwomba Benno amvushe kwa mtumbwi. Safari hii alipoinamia kile kioo alishika ukingo wa meza. Katika kila chumba kulikuwa na konokono asiyezidi chembe ya mchanga, na kila mmoja alikuwa anazunguka. Walizunguka polepole, bila kukoma, na ndani ya mmoja wao aliona kitu kikibonyea na kuvimba, kikibonyea na kuvimba.

"Ni moyo huo," Loveth alisema, sauti imeshuka. Walipokezana kuangalia hadi wagonjwa waliokuwa nje wakaanza kukohoa kwa makusudi.

Loveth ndiye aliyetoa wazo la mabakuli. Alisema hawana dawa ya kupimia maji, lakini mayai yenyewe yanaweza kuwa kipimo. Albina akayapanga mabakuli ya bati uvunguni mwa kitanda: moja la maji ya ghuba, moja la maji ya mlango wa Lukuyo, na yote mawili akayatia majani ya ghuba yenye mayai mazima. Benno aliambiwa asiguse. Kwa kioo kidogo cha kukuzia alichoazimwa na Loveth, alikuwa akipiga magoti asubuhi na jioni kama anayesali. Wiki na ushee ilipokwisha, bakuli la ghuba lilikuwa na vikonokono vinavyotambaa ubavuni mwake, vyepesi kama pumba. Katika bakuli la Lukuyo mayai yalikuwa yaleyale, yameanza kufanya ukungu.

"Basi ni maji yenyewe," Loveth alisema. "Kuna kitu kinachoweza kuua mayai na kuwaacha wakubwa. Wakubwa wana mlango wa kufunga, wanangoja maji mabaya yapite. Yai haliwezi kungoja. Liko katikati ya kujijenga, na kila kinachoingia linajijenga nacho." Alifikiri. "Katika mafunzo tulionyeshwa dawa ya kuulia konokono. Mrututu. Kidogo tu katika ndoo."

"Mrututu naujua," Albina alisema. "Kopa ya kahawa. Baba alikuwa anapulizia, majani yote yanageuka buluu."

"Milimani?"

"Milimani. Lakini wamepulizia tangu sijazaliwa, na konokono walikuwepo nilipokuja. Kwa nini wafe sasa?"

"Labda jibu liko huko juu," Loveth alisema, na Albina alipenda kwamba hakujifanya anajua.

Haikumlazimu kutafuta sababu ya kupanda. Kaka yake, Nazari, alikuwa ametuma habari kwamba binti yake anapokea komunyo ya kwanza, na shangazi hawezi kukosa. Albina alifungasha bata wawili wa sherehe, kitenge kipya, na ndoo ndogo yenye kifuniko aliyoijaza maji ya ghuba na majani yenye mayai. Barabara aliiacha. Alifuata mto, akiupanda kutoka maungio hadi maungio.

Kila mahali kijito kilipoingia Lukuyo alipindua mawe. Hakuhitaji kungoja mayai. Katika vijito vingine, chini ya jiwe palikuwa na maisha tele: vikaa vidogo vinavyokimbia upande upande, wadudu wenye mikia mitatu, konokono waliojibandika. Katika mkondo mmoja tu mawe yalikuwa safi kama vyombo vilivyosuguliwa, na kwenye nyufa zao palikuwa na rangi fulani, kijani kisicho cha majani. Albina alisimama pale kwenye maungio huku maji yakimpita miguuni. Mkondo ule aliujua. Ndio uliopita chini ya shamba la baba yake. Ndani yake ndimo alimochota maji na ndoo yake ya kwanza.

Juu kidogo alimkuta bibi aliyemfahamu, Kunigunda, akichota. Walisalimiana kwa Kimatengo. Albina aliuliza habari za maji.

"Maji yapo," bibi alisema. "Ila tangu mwaka jana yana ladha ya sarafu mdomoni. Chai haiwi chai. Wajukuu wanalalamika tumbo, nami nawaambia ni maembe."

Albina alimsaidia kujitwika. Kisha alimwambia kwamba ingefaa achote kule kwenye kijito cha pili, ingawa ni mbali. Bibi alimtazama, akaenda zake na ndoo ileile.

Siku ya komunyo haikuwa siku ya kuuliza maswali. Kulikuwa na misa, ngoma, wali, pombe, na Nazari akipita kati ya wageni na shati jeupe. Alikuwa mtu wa mikono, Nazari, wa kutengeneza kitu kutokana na kitu kingine. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kuja na magari yao na fedha taslimu, alikuwa amenunua mashine ya kumenyea kahawa, na majirani walimletea buni zao. Kahawa iliyooshwa vizuri ilipata bei. Ili kuosha vizuri, unahitaji maji mengi yaliyotulia.

Asubuhi ya pili alimchukua dada yake kumwonyesha.

"Hujaliona bwawa langu," alisema.

Lilikuwa bwawa zuri kweli. Alikuwa ameuziba mkondo mahali unapobana, akainua ukuta hadi kiunoni, na nyuma yake maji yalikaa mengi, meusi, yakitoka kwa mfereji hadi kwenye mashine. Albina alilisifu kwa dhati. Kisha akainamia ukuta. Haukuwa wa mawe. Ulikuwa wa mifuko iliyopangwa kama matofali, mifuko migumu, na pale karatasi ilipooza, kilichokuwa ndani kilijitokeza na rangi yake ya buluu inayoelekea kijani. Maji yalipita katikati yake kwa nyuzi ndogo ndogo.

"Kaka, hii ni nini?"

"Saruji ya bure," Nazari alisema akicheka. "Ghala la zamani la chama cha ushirika limekodishwa kwa mnunuzi wa kahawa. Ndani kulikuwa na mifuko ya kopa ya enzi zile za mkopo, imeganda, haipulizwi wala haisagiki. Yule bwana akasema anayetaka abebe. Watu waliiona takataka. Mimi nikaona ukuta."

Albina alikaa kwenye nyasi. Alikuwa amepanda mlima kutafuta jibu, na jibu limevaa mikono ya kaka yake. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mtu ameona kitu kinachotupwa akakipa kazi, jambo ambalo yeye mwenyewe angelifanya. Alimweleza yote kwa utaratibu, kuanzia mayai ya bata.

Nazari alisikiliza, mikono kiunoni. "Konokono," alisema mwishowe. "Umepanda mlima huu kwa ajili ya konokono?"

"Na bibi Kunigunda anasema maji yana ladha ya sarafu."

"Bibi Kunigunda ana meno mawili. Atajua ladha gani?" Lakini hakucheka. "Kahawa mwaka huu inaanza kuiva, Albina. Nikivunja ukuta huu, nitaoshea wapi? Majirani watapeleka kwingine."

"Sijasema uvunje. Nataka uone."

Aliomba mabakuli mawili kwa wifi yake. La kwanza alilijaza maji ya chemchemi, juu ya bwawa, ambako nyumba ya Nazari ilichota maji yake ya kunywa. La pili alilijaza chini ya ukuta. Akayagawa majani ya ndoo yake, akayaweka mabakuli barazani kivulini, akamkabidhi kaka yake kioo cha kukuzia.

"Mimi nina kazi," Nazari alisema.

Hata hivyo alitazama, ili amalize mambo. Alipiga goti moja, akasogeza kioo, akakisogeza tena. Akapiga goti la pili. Albina alimjua tangu utotoni, akajua kwamba ameona, kwa sababu mabega yake yalitulia.

"Wanazunguka," Nazari alisema.

"Wanazunguka."

"Kwa nini wanazunguka?"

"Sijui. Hata msichana wa maabara hajui vizuri."

Kabla ya chakula cha mchana Nazari alikuwa amerudi barazani mara kadhaa, kila mara akijidai amesahau kitu: kofia, panga, kamba. Mke wake alimwuliza Albina kwa sauti ya chini kama mumewe anaumwa. Jioni alileta taa ya chemli, akatazama katika mabakuli yote mawili, akasema wote wanazunguka sawa, basi kopa haina ubaya. Albina alikubali kwamba wanazunguka sawa.

Kesho yake wale wa bakuli la ukuta walizunguka taratibu zaidi. Nazari ndiye aliyeliona kwanza. Alisema labda ni baridi. Akalihamisha bakuli juani kidogo, na lile la chemchemi akalihamisha pia, kwa haki. Siku iliyofuata wengi walikuwa wamesimama. Mmoja aliendelea pembeni mwa ute, akizunguka na kutulia, akizunguka na kutulia, na Nazari alikaa naye muda mrefu. Alipoinuka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuwa akishabikia timu inayofungwa.

"Na wa chemchemi?" Albina aliuliza.

"Wana maganda," alijibu. "Nimeyaona. Yana mistari."

Alikwenda hadi bwawani peke yake. Aliporudi alisema jambo ambalo Albina hakulitegemea. "Yule bibi Kunigunda ni nani yetu?"

"Binamu wa mama."

"Ndivyo nilivyodhani."

Nazari hakuvunja ukuta siku ile. Alikuwa mtu wa mikono, na mtu wa mikono havunji ukuta kabla hajajua mifuko itakwenda wapi. Alikwenda kumwona bwana shamba wa Kingerikiti, ambaye naye alikuja, akatazama, akajikuna kichwa. Alisema hajawahi kuona kopa ikitumiwa hivyo, na kwamba wasiitupe bondeni wala wasiimwage shambani kwa pamoja. Wakachagua mgongo wa kilima usio na chemchemi, wenye udongo mzito wa mfinyanzi, wakachimba shimo refu. Nazari alipika pombe, akaita majirani wa mashine yake kwa kazi ya ujima, akawaambia sababu bila kuzunguka. Wengine walicheka. Mmoja alinung'unika kwamba kahawa yake itaozea kwenye maganda kwa ajili ya vidudu vya Wanyasa. Lakini walipofika kwenye ukuta na kuona mawe ya chini yalivyogeuka rangi, kicheko kilipungua. Waliibeba mifuko kwa machela za miti, mikono imefungwa matambara, kama Albina alivyowasihi.

Ukuta mpya waliujenga kwa njia waliyoijua tangu babu zao, ile ya kuzuia maji na udongo katika ngoro, yale mashimo ya kulimia mteremkoni: mafungu ya nyasi yaliyolazwa msalaba, juu yake udongo, juu yake nyasi tena, halafu mawe. Ulivuja. Nazari aliulaani msimu mzima, na kweli majirani wawili walihamia kwenye mashine nyingine. Albina hakuambiwa hayo hadi baadaye.

Aliporudi ziwani alimweleza Loveth. Yule msichana alisikiliza, akauliza mengi kuhusu ladha ya sarafu na matumbo ya watoto, na mwezi huohuo alipanda mwenyewe hadi kwa bibi Kunigunda kuwaona wajukuu. Tumbo liliwaacha walipobadilisha kijito. Kama ilikuwa kopa au maembe, Loveth alikataa kuapa. Alisema anachoweza kuapa ni kile alichokiona kwenye kioo.

Mvua zilikuja, Lukuyo ukajaa ukawa mwekundu, ukasukuma ziwani kila kilichokuwa kimelala chini yake. Kiangazi kilichofuata Albina alianza tena kuinama. Majani yalikuwa na mayai. Alimpelekea Loveth moja, wakainama kwa zamu, na mle ndani wengi walizunguka, ingawa si wote. Ulipokaribia mwezi wa nane bata walianza kuibuka na kitu mdomoni, na maganda ya mayai yakagongana tena ndani ya kikapu kwa sauti kavu. Benno alirudi kwenye mlango wa mto na ndoana zake bila kutangaza.

Kwa Loveth habari hiyo ilikuwa na pande mbili, naye hakuficha. Konokono wa mviringo walirudi pamoja na wenzao, na kichocho hakikuwa kimekwenda popote. "Nimewasaidia adui zangu kuzaa," alimwambia Albina. Wakakubaliana bata wa asubuhi wapelekwe kwanza kwenye ile sehemu ya ufuko walipopenda kuogelea watoto wa shule, ndipo waendelee mtoni. Kama bata walipunguza konokono kiasi cha kutosha, Loveth hakupata muda wa kujua. Alihamishiwa Mbinga mjini, na hadubini ikaenda naye. Kioo kidogo alikiacha.

Getrude alikuwa amerudi kwenye kidimbwi chake cha mihogo, na siku hizi walishuka pamoja. Ni yeye aliyeuliza, siku moja wakiwa wamesimama kwenye tope la mlango wa mto, habari za kome, wale wa maganda mawili wanaojizika chini, ambao zamani uliwahisi kwa nyayo kila ulipokanyaga.

"Konokono wamerudi," Getrude alisema. "Kome mbona hawajarudi?"

Albina alipapasa tope kwa vidole vya miguu. Hakukuwa na kitu kigumu. Alieleza alichojua, kwamba tope huenda limeshika kopa kwa muda mrefu kuliko maji, na kome anaishi ndani ya tope maisha yake yote. Lakini kome huyo anazaaje, anataga wapi, na mtoto wake akiwa mdogo kama chembe huwa anakaa majini au kwenye tope, hilo hakulijua, wala Getrude hakulijua, wala Benno aliyezaliwa pale.

"Ghubani wapo?" Albina aliuliza.

"Ghubani wapo."

Wakaanza kuelekea kwenye mtumbwi.